Jeni, protini na dawa: safari ya utafiti kutoka damu ya Pwani hadi duka la dawa

Fungua friji ya nyumba yoyote yenye mgonjwa wa sukari, iwe Chaani, Magongo au Port Reitz, na aghalabu utakuta kichupa kidogo cha insulini kando ya maziwa. Kichupa kile ni tunda la elimu ambayo wengi wetu tukiisikia ikitajwa twaona ni mambo ya Wazungu na maabara zao. Zamani insulini ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa. Muislamu aliyeandikiwa dawa hiyo alikuwa na swali la kumuuliza daktari, kisha ana swali jingine la kumuuliza shekhe wake. Mwaka 1978 wataalamu wa kampuni ya Genentech ya California walifaulu kutia jeni ya insulini ya binadamu ndani ya bakteria, na bakteria wakaanza kuitengeneza insulini hiyo. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha iuzwe. Leo mgonjwa wa Changamwe anajidunga insulini ya aina ya binadamu, wala haimpitikii kuuliza habari za nguruwe.

Makala haya yanaeleza elimu hiyo ni nini, imefika wapi hapa kwetu Pwani, na kwa nini safari ya kutoka kwenye maabara hadi duka la dawa ni ndefu na ina gharama kubwa. Mifano mingi itatoka Kilifi, mwendo wa kilomita kama 60 kutoka Mombasa. Huko ndiko damu ya watoto wa Pwani imewafundisha wanasayansi wa dunia mambo ambayo hawakuyajua.

Maneno ya kuanzia

Karibu kila seli ya mwili ina DNA, uzi mrefu mno ulioandikwa kwa herufi nne tu: A, T, C na G. Binadamu ana herufi kama bilioni 3 katika uzi huo, na zote kwa pamoja huitwa jenomu. Kipande cha uzi chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani huitwa jeni. Jeni zinazotoa maelekezo ya protini ni kama 20,000. Elimu ya kuisoma jenomu yote kwa pamoja, badala ya jeni mojamoja, ndiyo jenomiki.

Protini ndizo zinazofanya kazi mwilini. Himoglobini inayobeba hewa kwenye damu ni protini. Insulini ni protini, na kingamwili zinazopigana na maradhi ni protini. Elimu ya kuzitazama protini zote kwa pamoja, ipi ipo, kiasi gani, na inafanya nini, ndiyo proteomiki.

Anayejua kofia za vito ataelewa haraka. Kuna mchoro unaopigwa juu ya kitambaa, na kuna kofia yenyewe baada ya kutobolewa na kushonwa. Mchoro ni jeni, kofia ni protini. Ukiuona mchoro utajua kofia itakavyokuwa, lakini hutajua zimeshonwa kofia ngapi, wala ipi inavaliwa leo na ipi ingali sandukuni. Seli ya jicho na seli ya ini zina michoro ile ile. Zimetofautiana kwa sababu kila moja imeshona kofia zake. Ndiyo maana kusoma jenomu peke yake hakutoshi.

Kazi ya kuisoma jenomu ya binadamu ilianza mwaka 1990 na ikatangazwa kukamilika Aprili 2003, kwa bajeti ya dola kama bilioni 3. Leo jenomu ya mtu mmoja husomwa kwa gharama isiyofika dola 1,000. Oktoba 2002 ilichapishwa jenomu ya kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum: jeni kama 5,300 katika kromosomu 14. Wakati uo huo ilichapishwa jenomu ya mbu anayekieneza. Watafiti wa proteomiki nao walitoa orodha ya protini za kimelea katika hatua mbalimbali za maisha yake. Ikadhihirika kwamba kimelea kilicho ndani ya mbu na kile kilicho ndani ya damu ya mtoto vina jeni zile zile lakini protini tofauti. Ni kama mtu anayebadilisha nguo kila akiingia mtaa mpya, na kinga ya mwili inapoizoea nguo hii yeye keshavaa nyingine. Hilo ni sababu mojawapo kubwa iliyoifanya chanjo ya malaria ikawia.

Herufi moja tu

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni maradhi ya selimundu, ambayo watu wengi mitaani huyaita siko seli. Familia nyingi za Pwani zinayajua hata kama hazijui jina lake. Ni yule mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, mikono na miguu ikafura, macho yakawa ya manjano, akawa anaishiwa damu kila mara. Zamani alisemwa ana pepo au amerogwa.

Kwa kipimo cha sayansi, kilichotokea ni kidogo sana. Katika jeni inayotoa maelekezo ya sehemu ya himoglobini iitwayo beta, herufi moja imebadilika: palipokuwa na A pana T. Sehemu hiyo ya protini ina asidi amino 146 zilizopangwa kama shanga, na kwa sababu ya herufi hiyo shanga ya sita imekuwa nyingine. Basi, hakuna zaidi. Lakini himoglobini yenye shanga hiyo, ikikosa hewa ya oksijeni, hushikamana na kuwa nyuzi ngumu. Seli nyekundu ambayo kawaida ni duara laini hujikunja kama mundu, ikaziba mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu yanapotoka, na hapo ndipo bandama na viungo vingine vinapoharibika.

Mambo haya yalijulikana kupitia protini kabla ya jeni. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ina tofauti na ya watu wengine. Yakawa ndiyo maradhi ya kwanza kuelezwa kwamba chanzo chake ni kasoro ya molekuli. Katika 1956 na 1957 Vernon Ingram, huko Cambridge, aliipata ile shanga moja iliyobadilika. Watu walikuwa bado hawajui kuisoma DNA herufi kwa herufi.

Sehemu ya Afrika Mashariki katika kisa hiki ni kubwa kuliko inavyotajwa. Mwaka huo huo wa 1949, Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alizunguka nchini akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona jambo la ajabu: wabebaji wa selimundu walikuwa wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na wachache sana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ramani ya selimundu ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa amekingwa na malaria kali. Aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua.

Kwa hivyo jeni hiyo haikuingia katika koo zetu kwa laana wala kwa uchawi. Ilibaki kwa sababu katika nchi ya malaria iliwaokoa watoto wengi, huku wachache wakilipa gharama yake. Utafiti wa Kilifi uliofanywa miaka mingi baadaye ulionyesha kwamba kinga hiyo dhidi ya malaria kali inakaribia asilimia 90.

Kilifi na kundi la damu la Dantu

Kituo kinachotajwa hapa ni ushirikiano wa KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome la Uingereza. Kilianza Kilifi mwaka 1989, pembeni mwa hospitali ya Kilifi.

Mbali na selimundu, watafiti wa huko na wenzao wa nje walitafuta katika jenomu za maelfu ya watoto wa Afrika kitu kingine kinachowakinga wengine na malaria kali. Mwaka 2017 walikipata: kundi la damu adimu liitwalo Dantu. Kwingi duniani halionekani kabisa, lakini Kilifi mtoto mmoja katika kila kumi ana nakala yake walau moja. Aliye na nakala moja amepunguziwa hatari ya malaria kali kwa asilimia kama 40, na aliye na mbili kwa asilimia kama 70.

Kujua kwamba jeni inakinga ni nusu ya habari. Inakinga vipi? Jawabu lilikuja 2020, katika utafiti ulioongozwa na Silvia Kariuki wa Kilifi. Ngozi ya seli nyekundu ya mwenye Dantu imekazika zaidi, mfano wa ngoma iliyowambwa vizuri. Kimelea cha malaria kinagonga mlango, kinashindwa kuingia. Jambo hilo limewapa watengenezaji dawa wazo jipya: huenda si lazima kukiua kimelea, yatosha kuikaza ngozi ya seli kidogo tu ili kisiingie. Wazo hilo bado halijawa dawa. Limetoka katika damu ya watoto wa Giriama, Chonyi na Kauma, na tutalirudia jambo hili hapa chini.

Maabara hiyo hiyo ndiyo iliyosoma jenomu za virusi vya korona Pwani mwaka 2020, wakati Mji wa Kale wa Mombasa ulipofungwa mwezi Mei. Usomaji ule ulionyesha kwamba virusi viliingia Pwani mara nyingi na kwa njia nyingi, na Mombasa ilikuwa lango kubwa. Sisi tunaoishi kati ya bandari, uwanja wa ndege na reli hatukuhitaji kuambiwa mara mbili. Lakini kuna tofauti kati ya kukisia na kuwa na ushahidi ulioandikwa.

Ngazi kutoka maabara hadi dukani

Wengi huuliza: kama wanajua jeni ni ipi, mbona hawatoi dawa? Jawabu ni kwamba kati ya kujua na kutibu kuna ngazi, na kila kidato kina mahali pa kuanguka. Kwanza hutafutwa shabaha, yaani jeni au protini ya kulengwa. Kisha hutengenezwa kitu cha kuilenga. Kitu hicho hujaribiwa maabara na kwa wanyama. Baadaye hujaribiwa kwa watu wachache kuona kama ni salama, halafu mamia, halafu maelfu, kuona kama kinafanya kazi. Wadhibiti wa dawa, hapa kwetu Bodi ya Dawa na Sumu, hukagua ushahidi. Mwisho lazima apatikane wa kukitengeneza kwa wingi na wa kukilipia. Dawa nyingi zinazoanza safari hii hazifiki.

Chanjo ya malaria ni kielelezo kizuri. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walifaulu kuitenga jeni ya protini inayofunika kimelea kinapotoka kwa mbu. Mwaka 1987 kampuni ambayo leo ni GSK ilichukua kipande cha protini hiyo, ikakiunganisha na protini ya virusi vya homa ya ini aina ya B, na kuifanya hamira itengeneze mchanganyiko huo. Ikaitwa RTS,S. Katika 2007 watoto wa Kilifi na wa Korogwe, Tanzania, walishiriki jaribio, na lile kubwa la mwisho lilianza 2009, mtoto wa kwanza akichanjwa Bagamoyo. Jaribio hilo lilikuwa na watoto 15,459 katika nchi saba, Kilifi ikiwemo. Kwa watoto waliokuwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupewa dozi nne, visa vya malaria vilipungua kwa asilimia 39 katika miaka minne. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike. Hesabu mwenyewe: kutoka jeni hadi pendekezo, miaka 37.

Chanjo ya pili, R21, iliyoundwa Chuo Kikuu cha Oxford, ilifuata njia iliyokwisha kufyekwa. Jaribio lake kubwa lilikuwa na watoto 4,800 katika nchi nne, na Kilifi ilikuwemo tena. Lilionyesha kinga ya asilimia 68 kwa mwaka wa kwanza katika maeneo yenye malaria mwaka mzima, na 75 kwenye malaria ya msimu. Ilipendekezwa Oktoba 2023. Inatengenezwa na Serum Institute ya India kwa bei isiyofika dola 4 kwa dozi.

Kuna jambo la kuangaliwa hapa. Kenya ilipoanza kuchanja watoto kwa RTS,S Septemba 2019, ilianzia Homa Bay na kaunti za kule ziwani. Sababu ilikuwa ya haki: malaria ni kali zaidi huko kuliko kwetu. Lakini mama wa Kilifi aliyempeleka mwanawe kwenye jaribio alistahili kuelezwa hivyo kwa lugha anayoielewa, na mapema. Watu hukubali uamuzi wanaouelewa, hata usipokuwa kwa faida yao wenyewe.

Tiba ya selimundu: ya rahisi na ya ghali

Kwa selimundu ziko njia mbili, na ukiziweka pamoja utaona tatizo letu lote.

Ya kwanza ni hidroksiurea. Ni dawa kongwe, ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1869, ikatumika kwa saratani, na 1998 Marekani iliidhinisha wapewe watu wazima wenye selimundu. Inauamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya utotoni, ile mtoto anayokuwa nayo tumboni mwa mamake, na himoglobini hiyo haijikunji. Swali lilikuwa: je, ni salama kwa mtoto wa Afrika anayeishi na malaria? Jaribio lililoitwa REACH lilifanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto 606, na majibu yakachapishwa Januari 2019. Kwa kila watoto 100 kwa mwaka, visa vya maumivu vilishuka kutoka 98 hadi 45. Malaria ilishuka kutoka 47 hadi 23. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43 hadi 14. Vifo pia vilipungua, kutoka 3.6 hadi 1.1. Hiki ni kidonge cha kumeza kila siku.

Ya pili ni kuhariri jeni. Novemba 2023 Uingereza, na Desemba Marekani, ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy. Seli za uboho wa mgonjwa hutolewa, zikahaririwa kwa chombo cha CRISPR ili himoglobini ya utotoni irudi, kisha zikarudishwa baada ya uboho wa zamani kufutwa kwa dawa kali. Wengi waliotibiwa hawakupata tena maumivu makubwa kwa mwaka mzima na zaidi. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Isitoshe, inahitaji hospitali yenye vitengo ambavyo nchi nyingi zetu hazina.

Allison alitembea kwetu 1949. Wagonjwa wengi zaidi wa selimundu duniani wako Afrika. Tiba imefika mahali ambapo wagonjwa ni wachache. Hilo si la kumlaumu mwanasayansi aliyehangaika maabara. Ndivyo ngazi ile ilivyo: kidato cha mwisho ni cha anayelipa.

Lakini tusingoje milioni 2.2 ndipo tuokoe watoto. Utafiti wa Kilifi ulionyesha 2009 kwamba watoto wa selimundu hufa kwa maambukizi ya bakteria kwenye damu, hasa wa nimonia. Chanjo dhidi ya bakteria hao ipo katika ratiba ya Kenya tangu 2011, bure. Kuna penisilini ya kila siku kwa mtoto mdogo, kuna chandarua, na kuna hidroksiurea. Kinachotangulia yote ni kipimo: mtoto ajulikane hali yake akiwa mchanga, kabla ya kuanza kuugua. Kliniki zetu, kuanzia zahanati ya mtaa mpaka hospitali ya Port Reitz na ile kuu ya Makadara, zapaswa kuwa na kipimo na kidonge hicho wakati wote, si kwa nyakati za wafadhili tu. Hilo ndilo dai la kumpelekea mwakilishi wa wadi na serikali ya kaunti.

Damu yetu, faida ya nani?

Wazee wetu walikuwa na hadithi za mumiani, watu wanaonyonya damu za wenzao ili zitengenezwe dawa. Watafiti walipoanza kuchukua damu Kilifi, hadithi hizo zilirudi vijijini. Rahisi kucheka, lakini ndani ya hadithi ile mna swali la maana: damu yangu inakwenda wapi, na nani anapata kwayo?

Swali hilo lina historia. Ripoti iliyotoka mwaka 2006 ilieleza kwamba akabozi, dawa ya kisukari inayouzwa na kampuni ya Bayer, inatengenezwa kwa bakteria aliyetoka Kenya. Dawa hiyo imewaingizia watu fedha nyingi, na Kenya haikutajwa mezani. Huenda mgonjwa wa sukari wa Pwani anainunua dukani asijue kwamba mzizi wake ni hapa nchini.

Na data ni kama damu. Katika tafiti za jenomu zilizofanywa duniani, Waafrika ni asilimia chache sana ya waliosomwa, wakati ambapo Afrika ndiyo yenye jeni za aina nyingi kuliko bara lolote. Ikiwa dawa zitaundwa kwa kusoma jenomu za Ulaya tu, zitakosea kwetu. Kwa sababu hiyo mpango wa H3Africa ulitangazwa 2010 ili Waafrika wafanye utafiti huo wenyewe katika maabara zao. Kwa hivyo kususia utafiti si jawabu. Tukijiondoa, tutabaki kununua nguo zilizokatwa kwa vipimo vya wengine.

Kutengeneza nako ni shida. Machi 2022 kampuni ya Moderna ilitangaza kujenga kiwanda cha chanjo Kenya cha dola milioni 500. Aprili 2024 ikasitisha. Serikali ina taasisi yake ya Kenya BioVax kwa kazi hiyo hiyo. Bila kiwanda, utafiti unafanywa Kilifi, chanjo inatoka Pune, nasi tunapanga foleni.

Upande wa sheria tuko afadhali kuliko tunavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za jeni kuwa data nyeti, zenye ulinzi zaidi. Na wakati wa Huduma Namba, serikali ilipotaka uwezo wa kukusanya DNA za wananchi, Mahakama Kuu iliamua tarehe 30 Januari 2020 kwamba hilo ni kinyume cha Katiba. Miongoni mwa waliofungua kesi lilikuwemo shirika la Wanubi, Waislamu wenzetu wanaojua uchungu wa kuulizwa wametoka wapi. Jeni ni za kutibia watu. Zisigeuzwe kuwa kipimo cha nani mwananchi na nani mgeni.

Ukiombwa damu kwa utafiti

Una haki ya kuuliza, na mtafiti mwema atafurahi ukiuliza:

- Utafiti ni wa nini, na nani anaulipia? Je, umeidhinishwa na kamati ya maadili na una kibali cha NACOSTI?
- Ni damu kiasi gani? Itahifadhiwa wapi, na kwa muda gani? Itapelekwa nje ya nchi?
- Jeni zangu zitasomwa? Jina langu litaonekana?
- Mkikuta jambo la kuhusu afya yangu au ya mwanangu, mtaniambia?
- Nikikataa leo, au nikijitoa kesho, nitaendelea kutibiwa kama kawaida? Jawabu lazima liwe ndiyo.
- Dawa ikipatikana, watu wa hapa wataipataje?

Usiweke sahihi karatasi usiyoielewa. Omba isomwe kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mamako. Kilifi wana wawakilishi wa jamii wanaokaa na watafiti na kupeleka maswali ya wananchi. Utaratibu huo wafaa kufuatwa na kila anayekuja kutafiti Mombasa.

Kabla ya kufunga ndoa

Nimalizie na jambo ambalo halihitaji maabara ya mabilioni. Mbebaji wa selimundu haugui, na wengi hawajijui. Lakini wabebaji wawili wakioana, kwa kila mimba kuna nafasi moja katika nne mtoto azaliwe na maradhi, nafasi mbili awe mbebaji kama wazazi wake, na nafasi moja awe hana kabisa. Nafasi hizo zinarudi upya kila mimba. Mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa haimaanishi watatu wanaofuata wamesalimika.

Sisi wa Pwani wengi tunaoana ndani ya ukoo: mtoto wa ami, mtoto wa mjomba, binti wa shangazi. Dini haikukataza, na wazee wana sababu zao. Lakini jeni hutembea na ukoo, na kama babu mmoja alikuwa mbebaji, wajukuu wawili wanaooana wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nayo wote. Saudi Arabia imelazimisha kipimo kabla ya ndoa tangu 2004. Matokeo hayawazuii wachumba kuoana, ila wanaingia wakijua. Hapa kwetu ni hiari, na kipimo ni cha damu kidogo tu.

Maimamu wetu wanaweza kulisema hili siku ya Ijumaa, na kadhi anaweza kuwauliza wachumba kama wamepima, pamoja na yale mengine anayouliza. Si kumwingilia mtu ndoa yake, wala si kumtia doa binti au kijana aliyeonekana mbebaji. Mbebaji ni mzima, na jeni yake pengine ndiyo iliyomwokoa na malaria utotoni. Aibu iko kwa sisi tulio na elimu hii kisha tukamwacha mama akeshe na mtoto anayelia mifupa, tukimwambia atafute mganga. Mpeleke akapimwe.